Gari linaongea Kijapani Arua: nani analipia ramani na vifaa vya kufuatilia?

ARUA – Kila ufunguo unapozungushwa, mwanamke asiyeonekana huongea ndani ya gari. Huongea Kijapani, kwa adabu, na hakuna anayemjibu. Katika Onduparaka, kitongoji ambacho Uganda yote ilikifahamu kupitia klabu yake ya mpira iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2016, wenye Fielder, Premio na Noah wameizoea sauti hiyo kiasi kwamba hawaisikii tena. Anachosema mara nyingi ni kwamba kadi haijaingizwa. Ni kadi ya ETC, mfumo wa kulipia barabara za kasi nchini Japani. Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, kilomita 92 za lami kutoka mpaka wa Congo hadi mpaka wa Sudan Kusini, haina hata kibanda kimoja cha kulipia.

Mwanamke huyo ni sehemu ya mfumo wa kuonyesha njia ambao mwenye gari aliununua bila kuuomba. Ulikuja na gari, bei yake ikiwa ndani ya bei ya gari, na wengi huuhesabu kama zawadi. Siku betri inapokufa au fundi anapoichomoa ili achomelee bodi, ndipo zawadi inapoanza kudai. Skrini inawaka na maandishi ya Kijapani, inataka kadi ya ramani au namba ya siri, na mpaka ipewe, redio haiimbi, kamera ya nyuma haionyeshi na simu haiungani. Mwenye gari anayelitegemea kupeleka vitenge na sabuni Ariwara siku ya soko anajikuta akimlipa fundi ili afungue ramani ya Osaka.

Jambo hili linaonekana la kuchekesha, lakini ndani yake kuna hesabu ambayo wafanyabiashara wa mpakani wamekuwa wakiilipa kidogo kidogo bila kuijumlisha. Siku hizi gari la biashara halinunuliwi mara moja. Hununuliwa upya kila mwaka kwa vijilipo vya ramani, bando, laini ya simu, kifaa cha kufuatilia, pleti za kidijitali na waraka wa shehena. Kila mmoja ukiutazama peke yake ni mdogo. Kwa mtu mwenye lori moja, au mwenye robo ya lori kwa ubia na shemeji zake, jumla yake inaweza kuwa faida ya safari nzima.

Ramani ya nchi nyingine

Magari ya mtumba kutoka Japani hayakutengenezwa kwa ajili ya Afrika Mashariki, na vifaa vyake vya ndani pia. Ramani iliyomo ni ya Japani pekee. Redio yake hukamata masafa ya FM yaliyotengwa Japani, kuanzia megahezi 76 na kuishia karibu na 90 katika magari ya zamani, wakati stesheni nyingi za huku ziko juu ya hapo. Ndiyo maana mafundi hufunga kile kiboksi kidogo cha kushusha masafa, na ndiyo maana stesheni ya 90 na kitu huonekana kwenye skrini kama 76 na kitu.

Huduma zilizokuwa zikiilisha mifumo hiyo taarifa nazo zimekuwa zikizimwa huko huko zilikotoka. Huduma ya G-BOOK ya Toyota, iliyokuwa ikiyaunganisha magari na mtandao wa simu nchini Japani, ilifungwa mwaka 2022 pamoja na mtandao wa kizazi cha tatu uliokuwa ukiibeba. Kwa maneno mengine, hata mmiliki wa Tokyo aliyebaki na gari la aina hiyo hana tena alichokilipia. Mmiliki wa Arua alipokea kifaa ambacho huduma yake imekufa au iko njiani kufa.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 iliyozuia kuingiza magari yenye zaidi ya miaka 15 tangu kutengenezwa imesogeza mbele umri wa magari yanayofika, lakini haikuondoa tatizo. Imelibadili sura. Gari la mwaka 2008 lilikuwa na redio ya kawaida ambayo fundi yeyote aliweza kuing'oa. Gari la miaka ya karibuni lina skrini iliyoshonwa na mifumo mingine, kiasi kwamba kuing'oa ni kupoteza kamera, na wakati mwingine hata vitufe vya usukani. Kadiri gari linavyokuwa jipya, ndivyo ilivyo vigumu kuliacha lizungumze peke yake.

Kuna jingine lisiloonekana kwa macho. Mfumo wa setilaiti wa Marekani wa GPS huhesabu wiki, na vipokezi vya zamani hesabu yao hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, yaani karibu miaka 20. Hesabu hiyo ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa ambavyo watengenezaji wake hawakuvirekebisha vikaanza kuonyesha tarehe za miaka iliyopita. Januari 2022, saa za baadhi ya magari ya Honda duniani zilirudi mwaka 2002. Kwa anayesikiliza muziki hilo halina uzito. Kwa mwenye kifaa cha kufuatilia lori, tarehe isiyo sahihi ni ushahidi uliopotea siku anapobishana na ofisa wa forodha au na mwenye mzigo kuhusu saa lori lilipofika.

Basi ushauri wa bure ambao mafundi waaminifu huutoa ni huu: kabla ya kuchomoa betri, mwenye gari aulize iwapo skrini ina kadi ya ramani na iwapo kadi hiyo bado imo. Wauzaji wengine huitoa na kuiuza peke yake. Na kama skrini imekwisha kujifunga, alinganishe gharama ya kuifungua na gharama ya kuibadilisha kwa skrini ya Android ya Kichina kabla hajalipa. Kuifungua kunarudisha redio na kamera. Hakuleti ramani ya Koboko.

Kilicho bure na kisicho bure

Wengi wa wanaosafiri kati ya Arua na Kampala, safari inayokaribia kilomita 480, wameachana na skrini ya gari na kugeukia simu. Uamuzi huo una mantiki, lakini gharama zake nazo huwa hazieleweki vizuri.

Mawimbi ya setilaiti yenyewe hayalipiwi. Serikali ya Marekani iliahidi kuyafungua kwa raia mwaka 1983, na Mei 2000 ikaacha kuyapunguza ubora kwa makusudi. Leo simu ya kawaida hupokea pia mawimbi ya mifumo ya Urusi, Ulaya na China bila senti. Simu isiyo na bando, hata isiyo na laini, bado inajua ilipo katikati ya pori la Murchison. Kinachokosekana ni picha ya barabara iliyo chini ya ile nukta ya bluu.

Picha hiyo ndiyo inayokuja kwa bando. Uganda iliondoa kodi ya kila siku ya shilingi 200 kwa mitandao ya kijamii na Julai 2021 ikaweka ushuru wa asilimia 12 kwenye bando la intaneti, juu yake ikiwepo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Hesabu yake si asilimia 30, kwa sababu kodi ya pili hupigwa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru wa kwanza. Huduma ya shilingi 100 hufikia shilingi 132. Kwa hiyo mfanyabiashara anayeweka bando la shilingi 10,000, takriban 2,430 zinakwenda serikalini kabla simu haijafungua ramani.

Hata hivyo, ramani yenyewe si mlafi. Kuongozwa njiani hutumia megabaiti chache kwa saa. Video moja iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara inaweza kula zaidi ya safari nzima ya Arua hadi Kampala. Wanaolalamika kwamba ramani inamaliza bando mara nyingi wanalaumu kitu kisichohusika. Simu inaposhikiliwa mtandaoni siku nzima kwa ajili ya ramani, programu nyingine zote nazo huchukua nafasi hiyo kujisasisha. Gharama halisi iko hapo, pamoja na chaja zinazoungua na betri ya simu inayovimba kwa kukaa juani kwenye dashibodi.

Njia ya kuikwepa ipo na haigharimu kitu: kupakua ramani ya eneo zima kabla ya safari, kwenye Wi-Fi ya mtu au usiku wakati bando ni la bei nafuu. Google Maps inaruhusu hilo. Programu kama Organic Maps na OsmAnd hutumia data ya OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote, na huongoza bila mtandao kabisa. Kwa West Nile ramani hiyo ina faida ya pekee. Wakimbizi kutoka Sudan Kusini walipofurika kuanzia katikati ya 2016, na Bidibidi wilayani Yumbe ikawa miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi duniani, mashirika ya misaada yalihitaji kujua visima, shule na vijia vilipo. Vijana wa eneo hilo, wakimbizi na wenyeji, walifunzwa kuvichora. Leo anayepeleka maharage au unga katika makazi ya Rhino Camp au Imvepi anaweza kukuta vijia kwenye ramani hiyo ya bure ambavyo havimo kwenye ramani za kulipia.

Wakati intaneti ilipozimwa nchini Uganda kwa siku kadhaa kwenye uchaguzi wa Januari 2021, waliokuwa wamepakua ramani waliendelea kuongozwa. Wengine walirudi kwenye mfumo wa zamani zaidi, ule wa kusimamisha boda boda na kuuliza.

Upungufu wa ramani iliyopakuliwa ni kwamba haijui ya leo. Septemba 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo, na magari ya West Nile yakaelekezwa kupitia Masindi, Paraa na Pakwach. Ramani ya zamani ingempeleka dereva moja kwa moja hadi kwenye kizuizi. Na kama ramani hiyo ni ya zamani zaidi, ingemwambia kwamba Paraa huvukwa kwa kivuko, wakati daraja limekwisha kujengwa hapo. Mafuta ya kugeuza lori kutoka Karuma na kulizungusha tena kupitia Masindi yanatosha kununua bando la miezi. Barabara ya Koboko–Yumbe–Moyo, inayowekewa lami kwa fedha za Benki ya Dunia, nayo itabadilisha michepuko yake kila msimu wa ujenzi. Aliyepakua ramani anapaswa kuisasisha walau kila mwezi, na huo ni utaratibu ambao ni wachache wanaoukumbuka.

Saa moja inayopotea Vurra

Mpakani, gharama hubadilika sura bila kubisha hodi. Simu ikiwa karibu na Vurra inaweza kukamata mnara wa Congo kabla mwenyewe hajafika hata kwenye ofisi ya uhamiaji. Mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, bando la Uganda huacha kufanya kazi na salio la muda wa maongezi huanza kuliwa kwa bei za nje. Makubaliano ya eneo moja la mtandao yaliyoanza mwaka 2014 kati ya Kenya, Rwanda na Uganda, na Sudan Kusini ikajiunga baadaye, yalilenga zaidi kushusha bei ya kupiga simu. Congo iliingia kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na uanachama wake haukushusha kengele za bando. Wafanyabiashara wa Ariwara wanajua dawa yake: laini ya pili ya Congo, na simu kuwekwa kwenye uchaguzi wa mtandao kwa mkono badala ya kuachwa ichague yenyewe.

Pili, saa inarudi nyuma. Mashariki mwa Congo iko saa moja nyuma ya Uganda, na tangu Februari 2021 Sudan Kusini nayo iko hivyo. Simu iliyokamata mnara wa ng'ambo hubadilisha saa yenyewe, na ramani inayosema lori litafika saa kumi na nusu inasema kwa saa ya nani? Kituo cha forodha kinapofungwa jioni, saa hiyo moja ndiyo inayoamua iwapo nyanya zitalala Uganda au zitalala sokoni. Kwa wakulima wa nyanya na wachuuzi wa samaki, hiyo ni gharama ya ramani pia, ingawa hakuna stakabadhi yake.

Kuna na suala la upande wa kuendesha. Uganda hushika kushoto. Congo na Sudan Kusini hushika kulia. Simu iliyo sasishwa hulijua hilo, skrini ya Kijapani hailijui, na dereva mgeni aliyechoka anayefuata sauti pekee anaweza kujikuta upande usio wake kilomita chache baada ya Oraba.

Kifaa kidogo chenye deni refu

Jambo lililobadilisha zaidi matumizi ya wenye malori, Probox na hata boda boda ni kifaa cha kufuatilia, kile wanachokiita traka. Hapa ndipo wauzaji husema bei moja na mnunuzi hulipa nyingine.

Kifaa hicho kina kipokezi cha setilaiti na laini ya simu ndani yake. Hupokea mahali kilipo bure, kisha hutuma taarifa hiyo kwa bando hadi kwenye kompyuta ya kampuni, na kampuni humwonyesha mwenye gari kwenye simu. Kwa hiyo kina walaji watatu: mtandao wa simu, kampuni yenye kompyuta, na betri ya gari. Yeyote kati ya hao akikosa kulipwa, kifaa kinageuka kipande cha plastiki.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usio bei ya duka lolote. Kifaa na kufungwa kwake ni shilingi 250,000. Ada ya kampuni ni 120,000 kwa mwaka na bando la laini ni 5,000 kwa mwezi. Baada ya miaka mitano mwenye gari atakuwa amelipa 250,000 za mwanzo, 600,000 za ada na 300,000 za bando: jumla 1,150,000. Bei aliyotajiwa dukani ni chini ya robo ya aliyolipa. Na hapo hajabadilisha betri ya gari lililokaa wiki tatu uani Koboko likisubiri mzigo huku kifaa kikinyonya, wala hajamwita fundi baada ya waya kukatwa na mtu aliyekuwa anatafuta kingine.

Lori likivuka kwenda Kaya au Aru, laini ya Uganda ama inakuwa ya nje na kulipiwa kwa bei ya nje, ama inanyamaza. Vifaa vizuri huhifadhi kumbukumbu ya njia na kuituma lori linaporudi penye mtandao. Vibaya huacha pengo, na pengo hilo ndilo lililomfanya mwenye lori anunue kifaa, maana hatari yake iko ng'ambo kuliko ilivyo Arua mjini. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: kifaa kinafanya nini saa sita za kukosa mtandao? Asiyeweza kulijibu hakijui anachouza.

Wengi hawakukinunua kwa hiari. Mkopeshaji anayetoa fedha kwa dhamana ya gari mara nyingi hudai kifaa kifungwe, na gharama zake huingia kwenye deni la mkopaji. Baadhi ya vifaa vinaweza kuzima injini kutoka mbali. Mkopo ukilipwa, kifaa hubaki, na neno la siri hubaki kwa mkopeshaji. Mwenye gari aliyemaliza deni ana haki ya kudai akabidhiwe akaunti au king'olewe, na ni vyema jambo hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kutia saini, kwa sababu baada ya hapo hakuna mwenye haraka ya kumsikiliza.

Serikali nazo zinafuatilia

Juu ya kifaa cha mwenye gari, serikali inaweka chake. Uganda iliingia mkataba na kampuni ya Urusi ya Joint Stock Company Global Security mwaka 2021 kwa ajili ya pleti za kidijitali zinazoweza kufuatiliwa, na magari ya serikali yakaanza kufungwa pleti hizo Novemba 2023. Kwa gari lililokwisha kusajiliwa, kubadili pleti kuliwekewa ada ya shilingi 150,000, na pikipiki 50,000. Sababu iliyotolewa ni usalama, baada ya mashambulizi ya kutumia silaha yaliyolitikisa taifa, likiwemo la Juni 2021 dhidi ya Jenerali Katumba Wamala. Faini za barabarani za moja kwa moja zilizofungamanishwa na mfumo huo zilizua malalamiko makubwa kiasi kwamba Juni 2025 zilisitishwa kwa muda.

Kwa boda boda wa Onduparaka, 50,000 ni mafuta ya siku kadhaa. Anachouliza yeye ni chepesi: kama pleti inajua pikipiki iko wapi, na ikiibwa na kuvushwa Congo, ataambiwa? Mfumo umejengwa kwa ajili ya polisi. Kwa hiyo aliyekwisha kulipia pleti inayofuatiliwa bado hulazimika kununua kifaa kingine kinachofuatilia kitu kile kile, ili na yeye aone.

Kwenye shehena, hali ni tofauti na inafaa kutajwa kwa haki. Kenya ilipoanza kufuatilia shehena za kupita kwa kielektroniki mwaka 2010, wasafirishaji walitakiwa kupata vifaa kutoka kwa kampuni binafsi na kuvigharamia. Mfumo wa kikanda uliozinduliwa mwaka 2017 na mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda uligeuza hilo: lakiri ya kielektroniki, ile madereva wanayoiita sili, ni mali ya mamlaka, hufungwa mzigo unapoanza safari na kufunguliwa unapotoka. Hakuna ada ya mwezi wala laini ya kujaza. Gharama iliyobaki ni muda: kusubiri ifungwe, kusubiri ifunguliwe, na maelezo ya kutoa kila dereva anapoacha njia iliyopangwa kwenda kulala kwa ndugu.

Maana yake ni kwamba teknolojia ile ile, kwa barabara ile ile, inaweza kuwa mzigo wa msafirishaji au huduma ya umma. Uamuzi huo ni wa kisiasa. Kilichoshindikana ni kuuvusha mpaka.

Ng'ambo ya Vurra, mzigo unaoingia Congo kwa njia rasmi hudaiwa FERI, waraka wa kielektroniki wa taarifa za bidhaa unaosimamiwa na taasisi ya OGEFREM. Kwa lugha ya biashara huhesabiwa miongoni mwa nyaraka za kufuatilia shehena, lakini haufuatilii chochote njiani. Ni karatasi yenye namba, na inalipiwa. Ng'ambo ya Oraba, Sudan Kusini ilianzisha mwaka 2024 tozo mpya zikiwemo za ufuatiliaji wa shehena kwa kielektroniki na za kusindikizwa kiusalama. Matangi ya mafuta yalikwama mpakani, Umoja wa Mataifa ukalazimika kusimamisha udondoshaji wa chakula kwa ndege kwa kukosa mafuta, na Mei mwaka huo Juba ikaondoa tozo hizo kwa misafara ya umoja huo. Mfanyabiashara wa kawaida hana ndege za kusimamisha. Yeye alisubiri, au alilipa, au alipita vijia vya panya ambavyo hakuna setilaiti inayoviuliza.

Hapo ndipo gharama ya vifaa hivi inapogusa jumuiya yenyewe. Shehena inayotoka Mombasa ikiwa na sili imefuatiliwa hatua kwa hatua hadi West Nile. Taarifa zote zimo kwenye kompyuta ya mamlaka ya mapato ya nchi mwanachama. Kilomita chache mbele, nchi mwanachama mwingine inauza waraka mpya wa taarifa zile zile. Mwenye kontena kumi hugawa gharama hiyo kwa kontena kumi. Mama mwenye magunia manane kwenye lori la wenzake hugawana kwa magunia manane, au hupakua Vurra na kuyavusha kwa baiskeli, ambapo huepuka ada na kupoteza kinga yote ambayo karatasi ingempa mzigo ukikamatwa.

Hatua ya kuunganisha sili za Uganda na mifumo ya Aru na Kaya haihitaji setilaiti mpya. Inahitaji forodha za Kinshasa na Juba zikubali kusoma taarifa za Kampala, na zikubali kuachia ada inayoletwa na kutozisoma. Mpaka sasa, lori linalofika Vurra hufunguliwa sili ya bure upande mmoja wa kizuizi, dereva anarudisha saa yake nyuma, na mwenye mzigo anakwenda dirishani upande wa pili kulipa.